GPS inapodanganya: kuongoza meli Hormuz na Bahari ya Shamu bila kutegemea setilaiti

Meli inayokaribia Mlango wa Hormuz siku hizi iingie ikiwa tayari kuongozwa kwa rada, dira na bildi (kipima kina cha maji). GPS ihesabiwe kuwa shahidi mmoja tu, tena wa kutiliwa shaka. Tarehe 10 Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilipanda mwamba karibu na Jeddah, katika eneo ambalo GPS ilikuwa ikivurugwa. Wiki tano baadaye, 17 Juni, meli za mafuta Front Eagle na Adalynn ziligongana Ghuba ya Oman, siku ambazo mamia ya meli za eneo lile zilikuwa zikionekana mahali zisipokuwepo. Mwongozo huu ni wa maofisa wa zamu, wa meli za biashara na za doria za kijeshi pia, kwa sababu mitambo mingi ya chumba cha usukani ni ileile.

Kuna mashambulizi ya aina mbili, na dawa zake zinatofautiana. Kukaba ni kupiga kelele kwenye masafa ya setilaiti hadi kipokezi kisisikie kitu. Kughushi ni kurusha mawimbi yanayofanana na ya setilaiti, ili kipokezi kikokotoe mahali pa uongo na kiendelee kukuonyesha kana kwamba mambo ni shwari. Kukabwa kunaudhi. Kughushiwa ndiko kunakoua, maana kengele hazilii.

Kwa nini ni rahisi hivyo

Setilaiti za GPS ziko kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Mawimbi ya kiraia, kwenye megahezi 1575.42, yanafika kwenye antena yako na nguvu ya takribani wati 0.00000000000000014. Mwaka 2008 mamlaka za minara ya taa za Uingereza zilifanya jaribio karibu na Flamborough Head kwa meli yao Pole Star. Mtambo wa kukaba wa nguvu isiyofika wati 2 ulitosha kuvuruga ramani ya kielektroniki, AIS (mtambo unaotangaza jina na mahali pa meli) na vifaa vingine vya meli, na kengele zikalia chumba kizima. Jambo la kukumbuka zaidi kutoka jaribio lile ni kwamba pembezoni mwa eneo lililokabwa, mawimbi yalipokuwa hafifu bila kupotea kabisa, vipokezi vilitoa mahali pasipo sahihi badala ya kukiri kwamba havijui.

Usidanganyike kwamba kipokezi kinachosoma Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China pamoja na GPS kimekuokoa. Galileo inatumia megahezi 1575.42 hiyohiyo, BeiDou iko papo hapo au jirani yake, na GLONASS ya Urusi iko karibu na 1602. Mtambo mmoja wenye upana wa kutosha unazifunika zote.

Majeshi yenyewe yameumia. Nchini Ukraini makombora ya mizinga ya Excalibur, ya milimita 155, yalipoteza sehemu kubwa ya shabaha yake Warusi walipoanza kukaba GPS. Jeshi la Marekani lina mkondo wake wa siri, M-code, ambao ni mgumu sana kuughushi, lakini hata huo unakabika. Kila jeshi linaloogopa ndege zisizo na rubani linawasha mitambo ya kukaba kuzunguka bandari, kambi na visima vyake vya mafuta, na mawimbi hayo hayaishii kwenye uzio. Ukitaka kukadiria yanafika wapi, chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha kimo cha mtambo, kisha zidisha jumla kwa 4.12 upate kilomita. Antena yako ikiwa mita 25 juu ya maji na mtambo uko kwenye mlima wa mita 900, jibu ni kilomita 144. Kwa hiyo mlingoti mrefu unazidisha tatizo. Antena ya pili ikifungwa chini zaidi, upande ambao muundo wa meli unaikinga na pwani yenye matata, inaweza kuendelea kusikia wakati ile ya kileleni imekwisha kuzibwa. Ni kazi ya siku moja ya fundi na mita chache za waya.

Kabla ya kuingia: jua nani anakula GPS

Chukua karatasi moja na ufuate waya kutoka kila kipokezi hadi unapoishia. Kwenye meli nyingi utakuta waya unaingia kwenye ECDIS (ramani za kielektroniki) zote mbili, AIS, rada, dira ya gairo (ya umeme, isiyotumia sumaku), usukani wa kujiendesha, kinasa safari, redio za dharura zenye DSC (wito wa kidijitali unaotaja mahali pa meli), Inmarsat C (ujumbe kwa setilaiti), antena ya intaneti na saa za meli. Kwenye meli ya kijeshi ongeza mfumo wa silaha, vifaa vya helikopta, na redio zinazorukaruka masafa. Redio hizo mara nyingi huchukua saa yake kutoka GPS, na saa ikihama, meli mbili za kikosi kimoja hazisikilizani tena. Kila chombo kiandikie mbele yake mambo mawili: GPS ikipotea kinafanya nini, na kitufe kipi kinakiondoa kwenye GPS.

Kisha jaribu. Mkiwa bahari wazi mchana, mbali na meli nyingine, kwa idhini ya nahodha, zimeni kipokezi cha kwanza, halafu cha pili. Andikeni kila kengele na dakika iliyolia. Jaribio hili litaonyesha meli ikipoteza GPS, halitaonyesha meli ikidanganywa, kwa hiyo msitoke mkiamini mmekwisha kujiandaa kwa yote. Wala msithubutu kuwasha mtambo wowote wa kurusha mawimbi kwa ajili ya zoezi. Mtaziumiza meli na ndege zilizo jirani.

Dira ya gairo inastahili aya yake peke yake, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Gairo ina kosa linalotokana na kasi na latitudo, na kompyuta yake hulirekebisha kwa kusoma GPS. Meli ikienda kaskazini kwa noti 14 (maili 14 za baharini kwa saa) kwenye latitudo 26, rekebisho ni karibu digrii 1. GPS iliyoghushiwa ikisema unakwenda noti 100, kompyuta itarekebisha digrii 7. Sasa umepoteza mahali, na dira imeharibika juu yake, pamoja na rada na usukani vinavyoitegemea. Basi kabla ya kuingia eneo la hatari, iweke gairo kwenye mkono: ingiza latitudo 26 na kasi 14 wewe mwenyewe, na ubadilishe kila latitudo inaposogea digrii mbili tatu au kasi inapobadilika. Ilinganishe na dira ya sumaku kila saa na kila unapogeuka.

Kwenye mpango wa safari, weka alama za nchi kavu ambazo rada inaziona vizuri. Hormuz imejaaliwa: milima ya Musandam inatoa mwangwi mkali kutoka mbali, na visiwa vya Quoin viko karibu na njia yenyewe, kile kidogo kikiwa na mnara wa taa. Chora mistari sambamba ya rada kwa kila kipande cha safari, na pembe za dira ambazo ukizivuka unajua umetoka kwenye maji salama. Njia za meli pale zina upana wa maili 2 kila moja, na maili 2 nyingine za kuzitenganisha (maili zote humu ni za baharini), hivyo kosa la maili moja na nusu linaweza kukupeleka nje ya njia yako kabisa. Soma maonyo ya NAVAREA IX (maonyo ya urambazaji ya eneo hilo) na ya UKMTO (kituo cha Uingereza cha usalama wa meli za biashara) siku hiyohiyo, maana ya wiki jana hayana msaada.

Bahari ya Shamu ni habari nyingine. Miamba ya matumbawe upande wa Saudia na Sudan iko chini, haitoi mwangwi wa kutegemewa, na inapanda kama ukuta kutoka kina cha mamia ya mita. Bildi haitakuonya polepole kama inavyofanya kwenye pwani ya mchanga. Itaonyesha maji mengi, halafu dakika chache baadaye utakuwa juu ya mwamba. Hapo ongeza umbali: panga njia maili kadhaa zaidi kutoka matumbawe kuliko ulivyozoea, hata kama safari itarefuka, na usikubali njia ya mkato iliyopangwa kwa kuamini usahihi wa mita 10 wa GPS.

Kutambua

Fungua ukurasa wa setilaiti kwenye kipokezi na uuache wazi muda wote wa zamu. Hali ya kawaida, nguvu za setilaiti zinatofautiana, zilizo juu kichwani zikiwa na desibeli 45 hadi 50 na za upeo wa macho 35 au chini ya hapo. Ukiona zote zinashuka kwa pamoja, unakabwa. Ukiona zote zimepanda na zinalingana kama meno ya chanuo, shuku kughushiwa, hata kama kipimo cha usahihi kinang'aa vizuri kuliko siku zote.

Dalili nyingine za kughushiwa ni mahali kuruka ghafla hadi nchi kavu, mara nyingi kwenye uwanja wa ndege. Juni 2017 meli zaidi ya 20 karibu na Novorossiysk, Bahari Nyeusi, zilijikuta kwenye uwanja wa ndege kwa mujibu wa GPS. Tazama pia kasi juu ya ardhi isiyolingana na batli (kipima kasi ya meli majini), meli kuonekana ikizunguka duara ilhali omo (mbele ya meli) imetulia, saa kuruka, na kimo cha antena kuwa mamia ya mita. Kuna kipimo kimoja kizuri sana kwa meli yenye antena mbili zilizo mbali, tuseme mita 20. Kama hakuna marekebisho yaliyoingizwa, vipokezi viwili vionyeshe tofauti ya mita hizo 20. Vikionyesha nukta ileile moja, vyote vinasikiliza mtambo mmoja.

Hatari kubwa kuliko zote ni uongo unaokuja taratibu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, kwa idhini ya wenye chombo, waliipotosha yoti ya mita 65 katika Mediterania. Mtambo wao ulianza kwa kuiga mahali halisi, kisha ukasogeza kidogo kidogo. Hakuna kengele iliyolia, na usukani wa kujiendesha uliigeuza yoti kwa hiari yake ukidhani unairudisha njiani. Dhidi ya ulaghai huo ukurasa wa setilaiti hautoshi. Kinachotosha ni kupima mahali kwa njia isiyohusiana kabisa na GPS, kila dakika 6 kwenye maji membamba. Dakika 6 zina faida ya hesabu: noti 14 ni maili 1.4, bila kalamu.

Dakika za mwanzo

Ukishuku, fuata mpangilio huu, na usisubiri uhakika.

1. Toa usukani kwenye kufuata njia. Weka kushika uelekeo, au mpe mshika usukani mkononi. Hili ni la kwanza kwa sababu kila sekunde usukani unaojiendesha unaweza kuwa unaugeukia uongo.

2. Mwite nahodha, ongeza mlinzi wa kutazama, ijulishe mashine, punguza kasi kama kuna meli jirani.

3. Weka alama kwenye mahali pa mwisho palipothibitishwa kwa rada, na saa yake. Pale pa mwisho pa GPS huenda tayari pameoza, usianzie hapo.

4. Kwenye ECDIS ondoa GPS zote mbili, ya kwanza na ya akiba. Chagua ukadiriaji kwa dira na batli. Kosa la kawaida ni kuzima ya kwanza, mtambo ukahamia ya pili kimyakimya, na ya pili imeghushiwa vilevile.

5. Rada iweke kwenye uthabiti wa maji (mwendo upimwe dhidi ya maji, si ardhi), kwa gairo na kasi ya batli. Zima kuunganishwa kwa AIS na shabaha za rada, na uamini mwangwi. AIS za meli nyingine nazo zinabeba mahali pa uongo, hivyo meli inayoonekana kwenye AIS maili 5 kulia inaweza kuwa mbele yako.

6. Kama gairo bado inasoma GPS, ihamishe kwenye mkono, kisha ilinganishe na sumaku kabla ya kuitumia.

7. Ingiza mahali kwa mkono kwenye redio za DSC, na urudie angalau kila saa 4. Ukisahau hili, kitufe chekundu kitawatuma waokoaji uwanja wa ndege. Ukiomba msaada, taja umbali na pembe kutoka kisiwa au rasi inayojulikana.

AIS yenyewe usiizime kwa sababu tu inadanganya. Uamuzi huo ni wa nahodha na una mambo ya usalama na sheria ndani yake. Kwenye redio ya VHF, chaneli 16, waambie jirani kwamba GPS yako haiaminiki, na mkubaliane kupishana kwa mnachokiona kwa macho na kwa rada.

Kupima mahali kwa rada

Tumia umbali kuliko pembe. Kosa la digrii 1 kwenye alama iliyo maili 12 ni mita 390 hivi, ilhali umbali wa rada unaotunzwa vizuri hukosea asilimia 1 ya kipimo ulichochagua au pungufu. Chagua alama tatu zilizotawanyika, pima kwanza ile ya ubavuni na mwisho zile za omo na tezi (nyuma ya meli), maana umbali wa ubavuni hubadilika polepole meli ikitembea. Zile za mbele na nyuma hubadilika haraka, hivyo muda wa alama uwe ule uliposoma ile inayobadilika zaidi.  Zamu zote zifanye vilevile. Chora tao tatu. Zikikutana kwenye pembetatu ndogo, sawa. Pembetatu ikiwa kubwa, umeitambua rasi moja vibaya, au ufuko ni wa chini na mwangwi umetoka kwenye vilima vya ndani. Kosa hilo la pili ni la kawaida sana kwenye pwani tambarare za Ghuba.

Mstari sambamba ndio mlinzi wako kati ya kipimo na kipimo. Tuseme unakwenda 270 na kisiwa kitapita kulia kwa maili 3.5. Chora mstari wa 270 kulia kwa kitovu cha rada, umbali wa maili 3.5. Mwangwi wa kisiwa uteleze juu ya mstari kutoka omo kwenda tezi. Ukiingia kati ya mstari na kitovu, mkondo unakusukuma kisiwani, na hutahitaji latitudo yoyote kulijua hilo. Hakikisha tu ni kisiwa kweli, kwani meli iliyotia nanga inatoa mwangwi mzuri vilevile.

Rada ikikosa kitu cha kushika, kadiria, na uchore duara la mashaka linalokua. Mkondo usiojulikana wa noti 1 peke yake unakupa maili 3 baada ya saa 3. Bahari kuu, nyota na jua vinarudi kazini: mpimaji mzuri hupata kosa la maili 1 au 2 tu kwa nyota za wakati wa machweo, ilimradi saa yake ni sahihi, kwa kuwa sekunde 4 za kosa ni maili 1 ya longitudo kwenye ikweta. Saa hiyo ichukuliwe kwenye redio, isichukuliwe kwenye GPS. Chuo cha wanamaji cha Marekani kilirudisha somo la nyota mwaka 2015 baada ya kuliacha kwa miaka. Mwambao wetu haukuhitaji kukumbushwa, majahazi yalikwenda Maskati kwa nyota na kusi, ila ofisa mwenye kipima nyota kilichojaa vumbi hawezi kujivunia hilo.

Meli za doria zina jambo la ziada: boti ndogo za ukaguzi. Timu ikishushwa majini na GPS ya mkononi, inaweza kudanganywa vilevile kama meli mama. Waongozeni kwa redio kutoka kwenye rada ya meli, umbali na pembe, na boti iwe na dira ya sumaku iliyokaguliwa.

Vifaa vinavyosaidia kweli

Antena yenye vipande vingi inayojifunga masikio upande kelele inakotoka ndiyo kinga bora ya kukabwa. Yenye vipande 7 inaweza kuziba vyanzo 6 kwa wakati mmoja. Nyingi ziko chini ya udhibiti wa mauzo ya silaha. Galileo sasa ina saini ya uthibitisho ndani ya ujumbe wake, bure kwa raia, na inafaa kununua kipokezi kinachoisoma. Inazuia ujumbe wa kutunga, lakini haizuii kelele, wala haimzuii kabisa mtu anayerekodi mawimbi ya kweli na kuyarusha upya. Mfumo wa uelekezi wa ndani (unaopima mwendo wenyewe bila mawimbi ya nje) wa daraja la ndege hupotea karibu maili 1 kwa saa. Hiyo inatosha kuvuka Hormuz, haitoshi kuvuka bahari.

Ukitoka

Usirudishe GPS kwa sababu tu kengele zimenyamaza. Kipokezi kilichoghushiwa kinaweza kubaki na saa na taarifa za setilaiti za uongo. Kizime kabisa, kiwashe upya kwa kuanza baridi (kikisahau taarifa zote za zamani), na ukipe muda: kupokea almanaka nzima ya GPS (orodha ya njia za setilaiti zote) huchukua dakika 12.5. Halafu linganisha na vipimo vitatu vya rada kwa nusu saa. Vikikubaliana, rudisha vyombo kimoja kimoja ukifuata ile karatasi ya waya, gairo ikiwa ya mwisho, na usisahau redio za DSC, ambazo zikiachwa kwenye mkono zitaendelea kutangaza mahali pa jana.

Hifadhi kinasa safari mapema. Baadhi ya kumbukumbu zake huandikwa upya baada ya saa 48. Peleka taarifa UKMTO na kwa kituo cha urambazaji cha walinzi wa pwani wa Marekani, NAVCEN, ukiandika saa ya UTC ya kuanza na kuisha, mahali kwa rada, aina ya vipokezi na kimo cha antena, na kama nguvu za setilaiti zilishuka au zilipanda zikalingana. Piga picha ukurasa wa setilaiti tatizo linapoendelea, kwa sababu dakika chache baadaye ushahidi huo haupo tena.